UZI: Mfumo wa jua sio wa kukariri, unaweza kuukagua mwenyewe ukiwa uani kwako

Mpiga Makasia (mleta uzi)

Wakuu kwema?

Nimeona nishushe huu uzi sababu kila ikirushwa picha ya anga kwenye magrupu mabishano yanakuwa yale yale. Huyu anasema ile nyota kubwa ya jioni ni satelaiti, yule anasema mwezi una mwanga wake, mwingine anakwambia joto la Januari linakuja mana dunia imelisogelea jua. Na wanaobishana hivo ni watu wameenda shule kabisa, vyeti wanavyo. Mi naona shida ilianzia pale pale darasani, tulichorewa sayari zimejipanga mstari mmoja zimebanana, tukakariri majina, tukajibu mtihani, yakaisha. Hamna aliyetutoa nje usiku akatuonyesha kwa kidole kwamba ile pale ndo Mshtarii. Kiukweli inaniuma, mana hapa tulipo karibu na ikweta ni pazuri sana kwa kuangalia anga, ndani ya mwaka mmoja unaziona nyota za kaskazini na za kusini zote karibu, wakati mtu wa London ule Msalaba wa Kusini hauoni mpaka apande ndege.

Kwahiyo hapa nataka tuende na vitu ambavyo ukishasoma unatoka nje unavihakiki kwa macho yako, huhitaji darubini wala huhitaji kuniamini mimi.

Anza na jua. Chukua fito iliyonyooka, isimamishe wima kwenye sakafu iliyo sawa mchana wa jua kali. Wengi wanaamini kila siku ikifika saa sita mchana jua liko utosini. Sio kweli. Kwa Dar jua linapita utosini kabisa mara mbili tu kwa mwaka, karibu na tarehe 3 Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba. Mombasa ni kama tarehe 10 Machi na tarehe 3 Oktoba, Mwanza katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba, Nairobi karibu na 17 Machi na 26 Septemba. Siku hiyo kivuli cha fito kinapotea chote, unazunguka fito nzima hukioni. Na wala haitokei saa sita kamili, Dar mwezi wa tatu ni kama saa sita na dakika 35 hivi, sababu saa tunayotumia Afrika Mashariki nzima imepimwa kwenye mstari ambao kwa sisi wa Dar uko mashariki huko baharini, jua linaupita ule mstari kwanza ndo linakuja kwetu. Siku zingine zote kivuli kipo. Ukishapita mwanzo wa Machi jua la mchana linahamia kaskazini yetu na kivuli kinalalia kusini mpaka Oktoba, alafu mambo yanageuka.

Kinachofanya hivo ni kwamba dunia haijasimama wima kwenye njia yake, imeinama nyuzi 23 na nusu hivi, na inalizunguka jua ikiwa imeinamia upande ule ule muda wote. Juni ncha ya kaskazini ndo imelielekea jua, Desemba inakuwa zamu ya kusini. Hapo ndo majira yanapotoka, sio kwenye umbali. Na ushahidi ni huu, dunia inakuwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, kilomita milioni 147 hivi, na inakuwa mbali zaidi mwanzoni mwa Julai, milioni 152. Kama umbali ndo ungekuwa unaleta joto basi Ulaya Januari wangekuwa wanashinda baharini, na Januari ndo wanakoka moto ndani.

Sasa twende kwenye ukubwa, mana hapa ndo ule mchoro wa darasani ulituharibu zaidi. Nenda uwanja wowote wa mpira wenye vipimo kamili, urefu mita 105. Weka mpira wa kawaida katikati ya goli, juu ya mstari. Huo mpira ndo jua. Kwa kipimo hicho Utaridi ni kachembe hata milimita moja hakafiki, kako mita 9 kutoka golini, yani hata penati hujafika. Zuhura iko mita 17, pale mstari wa kumi na nane unapoishia. Dunia ni punje ya ulezi ya milimita 2, iko mita 24. Mwezi ni kachembe kengine kako sentimita 6 kutoka kwenye ile punje, na hapo ndo mwisho wa safari zote ambazo binadamu amewahi kwenda, sentimita 6. Mirihi mita 36. Tunafika mstari wa kati, hamna kitu. Tunavuka nusu ya pili ya uwanja, hamna kitu cha maana, ni vile vimiamba vidogo vidogo tu ambavyo ukivikusanya vyote havifikii uzito wa mwezi wetu. Mshtarii, baba lao, hatuipati hata ndani ya uwanja, iko nyuma ya goli la pili huko, mita 123, na ni kigololi cha sentimita 2 na kitu. Zohali unatoka nje ya uwanja unatembea mpaka mita 226. Uranusi mita 450 na ushee, Neptuni mita 700 na zaidi, umeshafika barabarani unatafuta daladala. Na nyota iliyo jirani kuliko zote baada ya jua, Proxima Centauri, kwa kipimo hicho hicho ukianzia Dar inabidi utoke Afrika uvuke bahari ya Mediterania uingie Italia kaskazini, zaidi ya kilomita 6,000. Kati yake na sisi ni utupu.

Ukilishika hilo mengine yanakuja yenyewe. Mwanga, ambao ndo kitu chenye mbio kuliko vyote, unatumia dakika 8 na sekunde 20 hivi kutoka kwenye jua mpaka kwetu, mpaka Neptuni ni zaidi ya saa 4, mpaka Proxima ni miaka 4 na robo. Voyager 1, kile chombo cha kuchunguza anga kilichorushwa mwaka 1977, inakimbia kilomita 17 kila sekunde, haijasimama mpaka leo, na kwa mwendo huo umbali wa kufika kwenye ile nyota jirani unataka zaidi ya miaka 70,000.

Sayari za kuona kwa macho ni tano: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Namna ya kuzitambua ni nyepesi. Nyota zinametameta, sayari mwanga wake umetulia. Nyota ziko mbali mno kiasi kwamba hata kwa darubini kubwa nyingi zinabaki nukta, ile nukta ikipita kwenye hewa yetu inatikiswa, sayari iko karibu ina upana kidogo kwahiyo mtikisiko unajifuta. Alafu sayari zote zinapita njia ile ile inayopita jua na mwezi, hutakuja kuona Mshtarii imeenda kukaa kule kwenye Msalaba wa Kusini. Zuhura ndo ile inayowaka kuliko zote, na haionekani usiku wa manane kwa sababu iko ndani ya njia yetu, haiachani na jua zaidi ya nyuzi 47, basi utaiona magharibi baada ya magharibi kuingia ama mashariki kabla ya jua kuchomoza. Ukiona kitu cheupe kinawaka kimetulia juu utosini saa sita usiku, hiyo sio Zuhura, kuna uwezekano mkubwa ni Mshtarii. Satelaiti yenyewe utaijua mana inatembea unaiona, inakatiza anga ndani ya dakika chache.

Karibuni wenye maswali na wenye nyongeza.

Kokoto

Mkuu umeandika vizuri ila mi ni mgumu kuelewa. Hizo kilomita milioni 150 nani alienda na futi kupima? Na kwamba dunia ni duara tunaambiwa tu, nikisimama Coco Beach naona bahari imenyooka tambarare. Usinipe picha za NASA, hizo mtu anaweza kutengeneza kwenye kompyuta.

Mpiga Makasia

@Kokoto swali la haki kabisa, na NASA tuwaweke pembeni.

Tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulipatwa wote na huku kwetu ulionekana vizuri, ulizama kivulini kuanzia kama saa mbili na nusu usiku mpaka saa tatu na dakika 50 hivi. Walioangalia mwanzo wake waliona ukingo wa kivuli kinachoingia umepinda, ni kipande cha duara. Kile kivuli ni chetu sisi. Na kila mwezi ukipatwa, uwe kaskazini au kusini, saa mbili usiku au alfajiri, ukingo ni wa duara vile vile. Umbo pekee linalotoa kivuli cha duara kila upande utakaolimulika ni tufe. Wagiriki waliliona hili zaidi ya miaka 2,000 iliyopita bila kompyuta.

La pili waulize manahodha. Hapa Dar ile nyota ya Jaa inayoshika kaskazini haionekani, iko chini ya upeo. Panda jahazi elekea kaskazini, ukishavuka ikweta inaanza kuchungulia juu ya maji, ukifika Muscat imeshapanda nyuzi kama 23 na nusu. Wazee wa majahazi walikuwa wanapima kimo chake ili wajue wamefika wapi. Dunia ingekuwa tambarare hiyo nyota ingeonekana kote kwa pamoja.

Sasa umbali. Wa mwezi siku hizi unapimwa kwa leza. Wanaanga wa Apollo 11 mwaka 1969 waliacha vioo kule juu, wanasayansi wanapiga mwanga unaenda unagonga unarudi ndani ya sekunde 2 na nusu hivi, wanapiga hesabu. Wastani ni kilomita 384,400, na kwa vipimo hivo hivo wamegundua mwezi unatukimbia sentimita 3.8 kila mwaka. Wa jua ulipatikana kwanza kwa ujanja, mwaka 1761 na 1769 Zuhura ilipita mbele ya uso wa jua, watu wakasambaa sehemu za mbali mbali za dunia kila mmoja apige saa yake, James Cook alienda mpaka Tahiti kwa ajili hiyo, tofauti ya walichoona ndo ikatoa umbali. Baadaye miaka ya 1960 wakapiga rada moja kwa moja kwenye Zuhura ikarudi. Njia tofauti, karne tofauti, mataifa ambayo mengine yalikuwa yanapigana vita, namba ikaja ile ile karibu. Mi hapo ndo napapendea hii elimu.

Binti Mwani

Nipo Jambiani, kazi yetu mwani. Sisi hatuna kalenda nyingine zaidi ya mwezi, tunaingia shambani siku za bamvu, mwezi ukiwa mpevu na ukiwa mchanga, mana ndo maji yanatoka mbali tunapata kufunga na kuvuna. Maji mafu unakaa nyumbani, bahari haitoki. Na siku za bamvu maji yanakuwa makavu kabisa asubuhi ya saa nne saa tano, mwaka mzima, hayabadiliki. Hilo la saa ndo halijanikaa sawa hata siku moja, kwanini iwe saa ile ile?

Mpiga Makasia

Dada @Binti Mwani hili swali lako ndo limenifurahisha kuliko yote, wewe unaliona jambo hili kwa miguu yako ndani ya maji.

Iko hivi. Mwezi unaivuta dunia, ila hauivuti sawa sawa. Upande ulio karibu nao unavutwa zaidi, katikati ya dunia kiasi, upande wa nyuma ndo unavutwa kidogo kuliko zote. Matokeo yake maji yanajaa upande unaotazama mwezi na yanajaa pia upande wa nyuma yake, yale ya nyuma ni kwamba dunia yenyewe imevutwa ikayaacha. Sasa dunia inajizungusha, pwani yenu inapita kwenye mijazo yote miwili, ndo unapata kujaa mara mbili na kupwa mara mbili. Na kwa vile mwezi nao unasogea mbele kwenye njia yake, kesho inabidi dunia izunguke kidogo zaidi kuufikia, ndo mana maji yanachelewa kama dakika 50 kila siku.

Jua nalo linavuta, ni kubwa mno ila liko mbali, kwenye maji nguvu yake haifiki hata nusu ya nguvu ya mwezi. Mwezi ukiwa mchanga, jua na mwezi viko upande mmoja wa dunia. Ukiwa mpevu, vinatazamana na sisi tuko kati. Hali zote mbili viko kwenye mstari mmoja, vinavuta kwa pamoja, bamvu hilo, maji yanajaa sana na yanatoka sana, huko kwenu tofauti ya kujaa na kupwa inafika hata mita 4. Mwezi ukiwa nusu, vimeachana pembe mraba, kila kimoja kinapunguza kazi ya mwenzake, hayo ndo maji mafu. Bamvu lenyewe linachelewa siku moja mbili baada ya mwezi wenyewe, sababu bahari ni nzito na ina vina na kona zake, haiitikii papo hapo.

Na hapo ndo jibu la saa lilipo. Siku ya mwezi mchanga mwezi uko sehemu moja na jua, vinachomoza pamoja na kuzama pamoja. Siku ya mwezi mpevu mwezi unachomoza jua linapozama. Kwahiyo siku za bamvu mwezi umefungwa na jua, na jua ndo saa yetu ya ukutani. Kama pwani ya Jambiani maji yanakauka muda fulani baada ya mwezi kupita utosini, basi kila bamvu ule muda utaangukia saa ile ile. Bandari nyingine za dunia zina saa yao nyingine ya bamvu kwa sababu ya umbo la bahari yao, lakini nao haiwabadiliki. Nyie mnalijua hili kuliko vitabu.

Binti Mwani

Ahsante kaka, nimeelewa na nitawasomea wenzangu tukikaa kufunga kamba. Lingine, mwezi ukiandama kila mwaka watu wanatofautiana, huku umeonekana kule haujaonekana, nani anakuwa sahihi?

Mpiga Makasia

Upande wa fikihi nawaachia masheikh, hiyo sio saizi yangu. Upande wa anga naweza kusema hivi: ile dakika ambayo mwezi unapita sambamba na jua ni moja kwa dunia nzima, na inajulikana miaka mingi kabla. Lakini muda ule mwezi hauonekani na mtu yeyote, upande wake unaomulikwa umetazama jua sio sisi, alafu uko ndani ya mng'aro wa jua. Lazima usogee kidogo ndo kile kipande chembamba kitoke. Ukiwa na saa chini ya 15 hivi tangu upite kwenye jua kwa macho matupu ni karibu haiwezekani, ukifika saa 24 mara nyingi unaonekana kama hamna mawingu. Na kadiri jua linavyozama kuelekea magharibi mwezi unazidi kukua, ndo mana jioni ile ile unaweza usionekane Zanzibar lakini watu wa Afrika Magharibi wakauona masaa matatu manne baadaye. Wote wamesema kweli. Mwezi mpaka mwezi ni siku 29 na nusu, ukizidisha kumi na mbili unapata 354, ndo mana Ramadhani inarudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka wa jua, inapita masika, inapita kipupwe, inapita kaskazi.

Mzee wa Kahawa

Vijana mmenikumbusha mbali. Sisi tulikuzwa na ule msemo, kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Wakulima walikuwa wanakiangalia kile angani usiku wanajua lini waandae shamba. Lakini nauliza, kinazama kinaenda wapi? Zinapita wiki kadhaa hukioni kabisa.

Mpiga Makasia

Shikamoo mzee wangu.

Hakiendi popote, ni sisi tunaosafiri. Dunia ikizunguka jua, kila mwezi tunatazama upande tofauti wa anga usiku, na ule upande ambao jua limekaa mbele yake hatuwezi kuuona mana kwake ni mchana. Mwezi wa tano jua linakuwa limepita karibu na pale kilimia kilipo. Kwahiyo mwishoni mwa Aprili kuingia Mei unakiona magharibi kinazama nyuma tu ya jua, masika yanamwagika bado, hapo kimezama kwa mvua. Zinapita wiki kadhaa, katikati ya Juni alfajiri kinatokea mashariki mbele ya jua, mvua imekata, kimezuka kwa jua. Wazee wetu waliushika mzunguko wa dunia kwa macho na wakauweka kwenye mstari mmoja unaokaririka, mi nawavulia kofia.

Kilimia chenyewe sio nyota moja, ni kundi. Macho mazuri yanahesabu sita au saba, darubini inatoa mamia. Kiko umbali wa miaka ya mwanga kama 440. Yani huo mwanga unaouona leo ulitoka kule karibu na miaka ile Wareno walipokuwa wanaingia kwenye ujenzi wa Fort Jesus Mombasa, ambayo ilianza 1593.

chuma_cha_pua

Pluto vipi, mbona walituondolea? Mi nilisoma sayari tisa. Pia nataka kujua nyota zikianguka zinaangukia wapi, huku Songwe tuna kile kimondo cha Mbozi.

Mpiga Makasia

Pluto haijaenda popote, ilibadilishiwa kundi tarehe 24 Agosti 2006 kwenye mkutano wa wanasayansi wa nyota na sayari mjini Prague. Mwaka 2005 walikuwa wameshatangaza Eris, ambayo inakaribiana na Pluto kwa ukubwa na ni nzito kuizidi, na ilikuwa wazi zingine zinakuja. Ama uziingize zote ama uweke vigezo. Pluto ni ndogo hata kuliko mwezi wetu. Mi naona waliamua vizuri, ingawa kuna wanasayansi wanabisha mpaka leo.

Nyota haianguki mkuu. Jua letu ni nyota, na dunia zaidi ya 100 ukizipanga zinaenea kwenye upana wake, ingekuja nyota hapa kusingekuwa na mtu wa kusimulia. Ile michirizi ya usiku mingi yake ni chembe za vumbi na mchanga zinazoingia kwenye hewa kwa kasi ya kutisha, zinawaka zikiwa juu kilomita 80 mpaka 100, zinaisha. Usiku wa tarehe 13 kuamkia 14 Desemba kila mwaka inakuwa mingi, kaa sehemu yenye giza baada ya saa nne usiku utafaidi kama mwezi hausumbui.

Ila mara chache sana linakuja jiwe lenyewe, na hilo la Mbozi ni mojawapo ya makubwa yanayojulikana duniani. Lina urefu wa mita 3 na kitu, makadirio ya uzito ni kati ya tani 12 na 16, na ukiligusa unagusa chuma, karibu asilimia 90 ni chuma na kama 8 hivi ni nikeli. Chuma cha namna hiyo kinatengenezwa ndani kabisa kwenye moyo wa kitu kikubwa kilichoyeyuka, chuma kikazama katikati. Maana yake zamani, mwanzo wa mfumo wa jua miaka bilioni 4.5 na ushee iliyopita, kuna kisayari kilianza kujijenga, kikapata moyo wa chuma, kikagongwa kikavunjika, na kipande cha moyo wake kimekaa hapo Ndolezi. Moyo wa dunia yetu hatujawahi kuufikia wala hatutaufikia kwa kuchimba, lakini Mbozi unaweka kiganja juu ya moyo wa sayari nyingine. Kama uko Songwe na hujaenda, nenda wikiendi hii na wapeleke watoto.

Mswahili wa Malindi

Naongeza nyama kidogo. Watu wanadhani anga za juu ni mambo ya Florida tu. Hapa Ngwana karibu na Malindi Waitaliano walijenga jukwaa la kurushia roketi baharini, na tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ikarushwa satelaiti ya Wamarekani ikapewa jina Uhuru kwa heshima ya Kenya. Ilikuwa satelaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza miale ya eksirei angani, na vipimo vyake ndo vilisaidia kuitambua Cygnus X-1, moja ya vitu vya kwanza kabisa kuhesabiwa kuwa shimo jeusi, yani kitu chenye mvutano mkali kiasi kwamba hata mwanga hautoki. Walichagua hapa kwa sababu tuko karibu na ikweta, dunia inajizungusha kwa kasi zaidi kwenye ikweta kwahiyo roketi inapewa msukumo wa bure.

Mpiga Makasia

@Mswahili wa Malindi ubarikiwe sana, hii ilitakiwa kila mtoto wa Kenya na Tanzania aijue.

Nyanda za Juu

Mi nilikuwepo Rujewa tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipopatwa likabaki pete. Baridi ilishuka ghafla, kuku walichanganyikiwa. Swali, kama mwezi unapita kati yetu na jua kila mwezi kwanini jua halipatwi kila mwezi? Na lini tena?

Mpiga Makasia

Sababu njia ya mwezi imeinama nyuzi 5 ukilinganisha na ya dunia. Miezi mingi unapita juu kidogo au chini kidogo ya jua, kivuli chake kinatukosa. Na Rujewa ilibaki pete kwa sababu siku ile mwezi ulikuwa sehemu ya mbali ya njia yake, ukaonekana mdogo kidogo kuliko jua, haukuweza kulifunika lote. Ukiwa karibu unalifunika kabisa, hiyo inatokana na jua kuwa na upana mara 400 hivi ya mwezi na kuwa mbali mara 400 hivi, kwa macho yetu vinalingana.

Kubwa linalokuja ni tarehe 2 Agosti 2027. Njia ya giza kamili inapita Afrika Kaskazini, Luxor Misri watapata giza la zaidi ya dakika 6, inavuka Saudia na Yemen inagusa ncha ya Somalia. Ndugu zetu mlio Jeddah mko ndani ya njia, msipange safari siku hiyo. Sisi huku Kenya na Tanzania tutaona jua limeliwa kipande mchana ule, na kadiri ulivyo kaskazini kipande kinakuwa kikubwa.

Na hapa nisikilizwe vizuri. Miwani ya jua ya kawaida haitoshi, filamu ya eksirei haitoshi, kioo kilichopakwa masizi hakitoshi, na kuangalia kwenye ndoo ya maji sio salama. Jicho halina maumivu pale linapoungua ndani, unakuja kujua baadaye na mara nyingi halirudi. Tafuta miwani maalumu ya kupatwa kwa jua yenye alama ya kiwango ISO 12312-2, na isiwe imekwaruzika wala kutoboka. Ukiikosa, lipe jua mgongo, toboa tundu dogo kwenye karatasi ngumu, acha mwanga upite uangukie karatasi nyingine nyeupe, utaona kajua kadogo kameliwa. Ama simama chini ya mwembe uangalie ardhini, kila kitundu kati ya majani kinatupa picha yake, chini pote panajaa vijua vilivyomegwa. Walimu mnaosoma huu uzi anzeni kuagiza hizo miwani mapema, mana ikibaki mwezi mmoja bei inapanda na feki zinajaa mtaani.

Nyanda za Juu

Nimeelewa mkuu. Miwani ya 2016 ninayo bado kabatini, ina mikwaruzo, hiyo naitupa.

Mpiga Makasia

Itupe. Na kesho mchana simamisha fito.